Pipa la Mafuta ni Lita Ngapi?

Katika Msambweni na Diani pipa lajulikana na kila mtu: chombo cha chuma chenye kuchukua lita 200 hivi, ambacho mafuta yakiisha huwekwa chini ya paa kukinga maji ya mvua. Kwa hiyo wengi wasikiapo katika redio kwamba mafuta ghafi yauzwa dola 60 kwa pipa, hudhani ndilo pipa hilo. Sivyo. Pipa la wafanya biashara ya mafuta ni kipimo, wala si chombo. Nalo ni galoni 42 za Kimarekani, yaani lita 159.

Kipimo hiki chatoka Pennsylvania, Marekani, ambako mafuta yalitiwa katika mapipa ya mbao. Mwaka 1866 wenye visima walikubaliana kumwongezea mnunuzi galoni 2 kwa kila galoni 40, kwa kuwa mapipa yalivuja njiani. Mbao zimekwisha zamani, hesabu imebaki.

Ng'ambo ya kivuko cha Likoni hesabu hiyo ilitumika mwezi wa Agosti 2019, Kenya ilipouza shehena yake ya kwanza ya mafuta ghafi ya Turkana, yaliyoletwa kwa malori hadi matangi ya Changamwe. Serikali ilitangaza mapipa 200,000 kwa dola milioni 12. Ni dola 60 kwa pipa, au karibu senti 38 za dola kwa lita. Mwenye kugawanya kwa lita 200 angepata senti 30 tu.

Kupima nako kwataka uangalifu. Fundi huteremsha utepe wa chuma ndani ya tangi, akasoma kina na joto, kisha akatoa hesabu ya maji na taka zilizotuama. Mafuta hupanuka kwa joto, na biashara huyahesabu kana kwamba yana joto la nyuzi 15 na nusu hivi. Mapipa 1,000 yaliyopimwa katika joto la pwani, nyuzi 30, hupungua mapipa 10 na zaidi. Katika shehena ile, kusahau jambo hili kungekuwa kosa la zaidi ya dola 120,000!

Mvuvi wa Gazi mwenye mashua ya mashine hanunui mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafishia cha Changamwe kilisimama mwaka 2013, na tangu hapo Kenya huagiza petroli iliyokwisha safishwa. Dola moja ikizidi katika pipa, lita huzidi kama sehemu sita za kumi za senti ya dola, kabla ya kodi, nauli ya meli na thamani ya shilingi kuingia katika bei.