Dondoo muhimu: Nakili, kisha toka nje

Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, na alijifunza kwa kunakili kazi za mchoraji Jean-François Millet. Nawe usione haya.

Usinakili picha nzima. Chagua mkono mmoja au mkunjo wa nguo, uchunguze penseli ilikandamizwa wapi na wapi ilipita juujuu tu. Ukishindwa, igeuze picha kichwa chini: jicho litaacha kutafuta "uso" na kuanza kuona mistari.

Kisha nenda kituo cha basi ukachore abiria. Watu hawatulii (afadhali wanaosinzia), kwa hiyo anza na mgongo na mabega, sura baadaye. Ufutio uache nyumbani.

Nakala usiiuze kama kazi yako. Andika nyuma yake jina la mchoraji wa kwanza.