Mtoto Apelekaye Siri Wakati wa Vita

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 23, twasoma habari ambayo watoto wa mafundisho huipenda sana. Wanaume zaidi ya 40 wameapa kutokula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Kijana, mwana wa dada yake, asikia hila hiyo, aingia ngomeni, ampasha mjomba wake. Apelekwa kwa jemadari, Klaudio Lisia, naye amshika mkono, amtenga kando na watu, amsikiliza, kisha amwagiza asimwambie mtu. Usiku ule ule Paulo aliondolewa Yerusalemu katikati ya askari 200, wapanda farasi 70 na watu wa mikuki 200.

Twamwomba msomaji autazame mkono ule wa jemadari. Aliyepokea habari aliitwaa na hatari yake pia, akamruhusu kijana aende zake. Wala hakuna mkubwa aliyekuwa amemtuma ngomeni kwa hesabu kwamba mdogo hashukiwi.

Hesabu hiyo ndiyo ya vita, na vita vimepata kufika kwetu. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na hadi Machi 1916, Waingereza walipoirudisha na kuingia Moshi, nchi iliyo chini ya migomba yetu ilikuwa uwanja wa mapigano. Mahali pa namna hiyo mtoto mwenye mbuzi au mzigo wa majani hupita asikoweza kupita baba yake. Barua ni nyepesi kuchukua. Lakini akishikwa nayo, askari haoni tena mtoto, aona mpelelezi.

Kwa hiyo hatukubaliani na wasemao kwamba asiyeshika bunduki hakutiwa vitani. Kanuni za Paris za mwaka 2007 zamhesabu mpeleka habari, pamoja na mpishi na mchukuzi, kati ya watoto waliotumiwa na majeshi. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga kifungo cha miaka 14, kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, Kongo, na kuwatumia vitani. Hatia ilikuwa ya mkubwa.

Basi mwalimu wa dini aisimuliapo sura hii asiishie kwenye ushujaa wa kijana. Awaulize watoto, na wazazi walioketi nyuma (maana nao husikiliza): siri ilipokwisha kutoka kinywani mwa kijana, ni nani aliyemlinda?