Kabla Hujalipia Kiwanja

Kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha la 1967, kiwanja kitupu nchini Tanzania hakikuwa na bei machoni pa sheria. Ulichoweza kuuza ni nyumba, mazao au maendeleo mengine uliyoyafanya juu yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikakubali kwamba haki ya kumiliki ardhi ina thamani. Soko likachangamka, lakini kumbukumbu za umiliki zikabaki nyuma. Ndiyo maana mnunuzi wa leo ana malipo mawili: bei ya muuzaji, na gharama ya kujua kama huyo muuzaji ana cha kuuza. Watu wengi hukwepa gharama ya pili, na huko ndiko akiba za maisha zinakopotelea. Ilipe, ila anza na uchunguzi wa bei ndogo, ili kiwanja chenye kasoro ukijue mapema.

Rudi kwenye eneo bila dalali. Salimia majirani wa pande zote, uwaulize nani amekuwa akilima pale, mpaka unapita wapi, na kama kuna kesi. Chukua futi kamba. Kando ya barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Kando ya mto, ziwa au bahari, acha mita 60. Hadi hapo umetumia nauli tu.

Kiwanja chenye hati kiombee upekuzi rasmi kwa msajili wa hati. Utaona jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa. Kama hakijapimwa, waone watu wa mipango miji wa halmashauri, maana eneo la wazi au la shule huuzwa kama kawaida. Kwa ardhi ya kijiji, saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi; omba muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji, uusome mwenyewe.

Ardhi ya urithi ndiyo inayohitaji subira kuliko zote. Muuzaji atakwambia, "Marehemu baba aliniachia mimi," na pengine anasema kweli. Hata hivyo, bila barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani hana mamlaka ya kukuuzia. Andika namba ya shauri, nenda masjala ya mahakama iliyotoa barua hiyo, uliza kama jalada lipo na nani aliteuliwa. Kisha omba kukaa na warithi, na dada zao wakiwemo. Binti aliyeolewa mbali ndiye husahauliwa kikaoni, na akija kudai haki yake ana hoja. Vivyo hivyo kwa muuzaji mwenye ndoa: ridhaa ya mwenzi wake iwe kwa maandishi.

Yote yakikaa sawa, mkataba uandaliwe na wakili wako, si wa muuzaji. Lipa kupitia benki, kwa awamu, na sehemu nzuri ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka uhamisho wa milki usajiliwe kwa jina lako. Muuzaji akisema kuna mteja mwingine anayelipa taslimu leo jioni, mwache amuuzie huyo.