Mali Bila Daftari: Somo la Ukaguzi Endelevu



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi mali hupotea hata daftari likiwepo, kwa sababu daftari lenyewe hufunguliwa mara moja kwa mwaka. Mkaguzi anapokuja Desemba, fedha iliyoibwa Februari imeshaliwa na aliyeiba ameshahama. Somo letu la leo ni njia ya kuziba mwanya huo, yaani ukaguzi endelevu. Wanaosoma uhasibu wataukuta kwenye mitihani. Sisi wengine tutaukuta siku tutakapokabidhiwa fedha za watu, na wengi tumeshakabidhiwa: michango ya iftari, hazina ya jumuiya, kikundi cha akiba cha wazazi kule Nakivale.

Maana yake

Katika ukaguzi wa kawaida, mkaguzi huchagua risiti chache baada ya mwaka kwisha. Katika ukaguzi endelevu, kompyuta hupewa kanuni, kisha hupitisha kila muamala kwenye kanuni hizo mara tu unapoandikwa. Usiolingana hutolewa tahadhari. Wazo hili si geni: mwaka 1991 Miklos Vasarhelyi na Fern Halper waliandika jinsi lilivyojaribiwa katika mfumo wa ankara za AT&T, kampuni ya simu ya Marekani.

Tutofautishe mambo mawili. Ufuatiliaji endelevu ni kazi ya mwenye biashara au meneja wake, anayetaka kujua mambo yanavyokwenda. Ukaguzi endelevu ni kazi ya mtu asiyeshika fedha wala kuendesha biashara. Ukimpa mtu mmoja kazi zote mbili, anajikagua mwenyewe.

Msingi wake katika dini

Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Juu palikuwa pakavu. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, akaonya juu ya udanganyifu. Tazama utaratibu: alikagua biashara ikiendelea, kabla mnunuzi hajapata hasara, akampa muuzaji nafasi ya kujieleza.

Kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa zaka aliyetenga sehemu akidai ni zawadi yake, kinafundisha kuwa hata mtu aliyeteuliwa na Mtume alihojiwa aliporudi. Na aya ya 282 ya al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kukaguliwa, basi, si kutukanwa.

Tuliyoyaona karibu nasi

Mwanzoni mwa 2018 iliibuka kashfa ya takwimu za wakimbizi nchini Uganda. Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR zikaanza kuhakiki upya wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho, kuanzia Machi hadi Oktoba. Hesabu iliyokuwa imezidi milioni 1.4 ikashuka hadi kama milioni 1.1. Si kila jina lililokosekana lilikuwa la wizi. Wapo waliorudi makwao au kuhamia mijini. Lakini daftari lilikuwa limeachana na ukweli kwa muda mrefu bila kengele kulia. Wafadhili wakipoteza imani na hesabu, anayeumia kwanza ni mama anayesubiri mgao, ambaye hakuandika jina lolote la uongo.

Mfano wa pili ni EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, uliokuwa lazima kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika VAT kuanzia Januari 2021. Kila ankara hufika kwenye mamlaka papo hapo na kupewa namba yake. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakiupinga, baadhi wakisema hawakufundishwa vya kutosha. Mfumo mzuri ukiwashukia watu bila kueleweka, huonekana mtego.

Tuanzie wapi?

Tuseme mtu anaishi Mbarara na ana duka la jumla Base Camp, analolipwa taslimu na kwa simu. Hahitaji programu ya gharama. Jedwali la kompyuta linalopatikana kwenye simu pia linatosha, likiwekewa kanuni hizi:

1. Namba ya risiti isirudiwe wala isirukwe.
2. Malipo ya simu yaliyoandikwa yalingane na taarifa ya kampuni ya simu jioni hiyohiyo.
3. Mchele ulioingia uwe sawa na uliouzwa pamoja na uliobaki.
4. Namba ya simu ya msambazaji isiwe ya mfanyakazi.
5. Kama malipo yanayozidi shilingi 500,000 yanahitaji idhini, malipo matatu ya 490,000 kwa siku moja yaulizwe.

Tahadhari imfikie mtu mwingine, si muuzaji. Kila tahadhari ijibiwe kwa maandishi siku hiyo au kesho yake. Kengele inayolia bila mtu kuinuka huwafundisha wezi kwamba mlinzi amelala.

Mipaka

Mashine huona kilichoandikwa tu. Gunia lililouzwa mlango wa nyuma bila risiti halimo kwenye jedwali. Litaonekana pale mtu atakapohesabu magunia kwa mkono wake.

Pia tahadhari si hukumu. Surat al-Hujurat imekataza dhana mbaya na upelelezi, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019. Kwa hiyo wafanyakazi waambiwe mapema kinachorekodiwa. Fuatilia miamala, usifuatilie maisha ya watu. Na mwenye mali naye aandike anachochukua dukani, kwani kanuni isiyomgusa tajiri huwa ni kamba ya kumfunga maskini.

Mwisho, ndugu zangu, kamera ikizimika na mtandao ukikatika, Malaika wanaoandika hawakatiki. Mifumo hii humsaidia mwaminifu abaki mwaminifu na kumwondolea shaka. Haiumbi uaminifu moyoni.

Maswali ya halaqa

1. Katika jumuiya yetu, nani anashika fedha, nani anaandika, nani anakagua? Je, ni watu watatu?
2. Taja kanuni tatu zinazofaa kwa mfuko wa iftari.
3. Ufuatiliaji hugeuka upelelezi wakati gani?

Wallahu a'lam.