Mafunzo Niliyopata Nikimimina Chai Wodini

Nilifika Leicester, katikati ya Uingereza, Septemba 2018 kusoma shahada ya uzamili. Kufikia Novemba giza lilikuwa linaingia saa kumi na nusu jioni, na siku nyingine nilikuwa nalala bila kuzungumza na mtu zaidi ya dereva wa basi. Mpangaji mwenzangu akaniambia, nenda ukajitolee hospitali. Nilicheka. Kwetu Tanga, mgonjwa akilazwa hospitali ya Bombo, ukoo mzima umelazwa: shangazi ana mkeka chini, dada yuko njiani na chupa ya uji, mjomba anahangaika na dawa. Nani tena wa kujitolea? Nilikwenda kwa sababu ya upweke, si kwa wema. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

1. Kumshika mgonjwa mkono kuna fomu yake

Niliombwa wadhamini wawili, kumbukumbu za chanjo, cheti cha polisi, na kuhudhuria mafunzo ya siku nzima kuhusu kuosha mikono, siri za wagonjwa na njia za kutokea moto ukizuka. Miezi mitatu ikakatika. Mama alinipigia simu akashangaa: "Yaani mwanangu, polisi wakuandikie barua ndipo ukamlishe mtu uji?" Sikuwa na la kumjibu. Jibu nililipata baadaye, siku nilipokaa peke yangu nyuma ya pazia na kizee asiyejua leo ni Jumatatu au Ijumaa, pochi yake iko wazi juu ya kabati. Bangili za marehemu bibi nilizivua kwa sabuni, maana wodini hazivaliwi bangili chini ya kiwiko, wala saa.

2. Soma ukutani kwanza, mimina baadaye

Wiki yangu ya pili, mzee mmoja aliniomba chai kwa upole ambao ungemliza nduli. Nikamimina, nikaongeza sukari mbili kama alivyotaka. Kikombe kilikuwa kimebakiza inchi kufika mdomoni nesi alipokinyakua. Mzee yule alikuwa amepooza upande mmoja na koo lake halikufunga vizuri. Kimiminika chepesi kingeweza kumwingia mapafuni. Chai yake ilitakiwa kukorogwa na unga maalumu hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Maelezo yote yalikuwa yameandikwa kwenye kibao juu ya kichwa chake, herufi kubwa, nami nilikuwa natazama tabasamu.

Nesi hakunigombeza. Alinipeleka kitanda hadi kitanda akanisomesha alama: sinia jekundu ni la mgonjwa anayehitaji kusaidiwa kula, ua dogo la buluu ni la mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ilimchukua dakika kumi ambazo hakuwa nazo. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema manesi wa Ulaya wana roho baridi, ninaondoka.

3. Hakuna aliyekuja bure

Zamu yetu ilikuwa saa tano hadi saa nane mchana, Jumanne na Alhamisi, tukiwa wanne. Mmoja alikuwa dereva wa basi mstaafu. Aliniita "bata", nikanuna wiki nzima, hadi nilipojua kwamba watu wa Leicester humwita hivyo kila wanayempenda, hata muuza nyama. Mke wake alifia katika wodi ileile. Mwingine alikuwa binti wa miaka kumi na saba aliyetaka kusomea udaktari na alihitaji kuonyesha kwamba amewahi kukaa na wagonjwa. Wa tatu alikuwa mfamasia kutoka Sudan. Alikuwa ameomba hifadhi, na sheria ya huko kwa kawaida humzuia mtu kama yeye kufanya kazi ya mshahara wakati anasubiri jibu, ila kujitolea anaruhusiwa. Kwa hiyo mtu aliyejua kila kidonge kilichopita pale alikuwa anasukuma toroli la biskuti.

Nilimwuliza kama haimuumi. Akasema, "Dada, nyumbani nakaa natazama ukuta. Hapa angalau natazama watu." Baada ya zamu tulikuwa tunakwenda kwenye mgahawa wa chini, tunagawana sahani moja ya chipsi kwa sababu yeye posho yake ilikuwa ndogo, na mimi mwanafunzi. Mzee wa basi alikuwa ananunua ya pili, kisha anajifanya ameshiba ili atuachie. Urafiki wetu haukuwa na maneno mengi zaidi ya hayo.

4. Lugha yako itakukuta usikoitarajia

Februari aliletwa bibi mmoja wa Kihindi, ua la buluu kitandani. Alikuwa anakataa chakula. Binti yake alikuja kila mchana na kibakuli cha kichri, wali uliopikwa na dengu, kutoka nyumbani (kumbe si sisi wa Tanga tu tunaohamia hospitali na vyombo), akambembeleza kwa Kigujarati, wapi. Mimi nilipofika na sinia, bibi akanitazama usoni kwa muda mrefu, akasema: "Wewe. Lete chai. Upesi upesi."

Nilisimama kama nguzo. Binti ndiye aliyeshangaa zaidi. Alizaliwa Leicester na hakuwahi kumsikia mama yake akisema neno la Kiswahili. Kumbe familia yao ilikuwa na duka la vitambaa Jinja, Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na takriban 28,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilikwenda hadi kutoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini kwao. Wakaja kwa maelfu, na leo ukipita Belgrave Road unanunua sambusa kama uko Tanga barabara ya nane.

Sitasema niliguswa tu. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha jikoni: lete, weka, ondoa, safisha. Alikuwa ananiona mimi au alimwona yaya fulani wa Jinja miaka hamsini nyuma? Nilikwenda kumlalamikia mfamasia, akacheka hadi akakaa chini. "Mpe chai yake kwanza," akasema. "Hasira utakunywa baadaye."

Nilisoma kibao, chai ya kawaida ilikuwa ruhusa. Nikamletea, nikasema, "Karibu, Bibi. Lakini huku kwetu chai hunywewa na chakula." Akanywa. Akala vijiko vinne vya kichri, nikavihesabu. Alhamisi iliyofuata alikula kumi na mbili, akaniuliza watoto wangu hawajambo. Sina watoto. Nikamwambia hawajambo.

5. Usiombe picha

Hili ni fupi. Wodini hupigi picha, wala hutaji jina la mgonjwa, hata ukiwa umerudi kwenu. Ndiyo maana hapa hakuna jina la mtu.

6. Kwa wewe uliye kule

Niliondoka Leicester mwaka uliofuata. Yule binti wa zamu yetu aliingia chuo cha udaktari, mfamasia alipata karatasi zake na yumo katika mitihani ya kusajiliwa, na mzee wa basi bado yuko pale Jumanne na Alhamisi. Waliokimbia Uganda wakiwa na miaka ishirini sasa wamepita sabini, na wengine wataanza kusahau Kiingereza kabla ya kusahau Kiswahili. Kama unakaa Leicester na unasoma haya, nenda kachukue fomu. Anza mapema, maana cheti cha polisi huchelewa.