Gari la Kikundi: Kipi Kitengenezwe Kwanza?

Vikundi vingi vya wakulima vinachangishana fedha na kununua gari kuukuu la kupita njia mbaya. Mara nyingi ni Land Rover au Land Cruiser iliyokwisha tumika miaka mingi. Gari hilo hubeba mazao kwenda sokoni. Hubeba mbolea. Usiku hubeba wagonjwa. Likishafika kijijini linataka matengenezo, lakini fedha ni chache, na kila mwanakikundi ana lake la kusema. Huyu anataka rangi, yule anataka taa, mwingine anataka injini kubwa. Leo tujifunze namna ya kupanga: kipi kianze, na kipi kingoje.

Nitaanza na jambo lililonikuta mwenyewe.

Masika moja nilipanda gari la kikundi cha wakulima wa pamba. Gari lilikuwa linameta. Lilikuwa na rangi mpya ya kijani, karia juu ya paa, na taa nne kubwa mbele. Karibu nami alikaa mama mmoja na mtoto wake. Tulipokuwa tunateremka kuelekea mtoni, dereva alikanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini. Breki hakuna! Alirudisha gia, akaligongesha gari kwenye ukingo wa barabara ili lisiingie mtoni. Tulipona, lakini yule mama alivunjika mkono.

Mwenyekiti wa kikundi tulikuwa naye. Alikaa juu ya jiwe, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, gari hili tulilivika nguo kabla ya kulitibu."

Fedha za kikundi kile hazikuibwa. Zote ziliingia kwenye gari. Kosa lilikuwa katika mpango. Basi, tuufuate mpango huu.

KWANZA: Breki na usukani

Kabla ya kuuliza kama gari litapanda mlima, uliza kama litasimama likiteremka. Mwambie fundi afungue magurudumu yote manne. Aangalie pedi, mipira na mabomba ya breki. Amwage mafuta ya breki ya zamani na kutia mapya. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa sana, na breki zikipata moto mteremkoni, unyevu huo huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo sababu mguu huzama na gari halisimami. Kwa kawaida mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi.

Usukani nao ukaguliwe. Kama gari linayumba njiani, au usukani unazunguka kidogo bila tairi kugeuka, kuna kitu kimelegea. Usilipakie watu mpaka fundi amekikaza au amekibadilisha.

PILI: Matairi

Gari zima hugusa ardhi kwa matairi tu. Tairi lililokwisha meno huteleza kwenye tope, hata injini iwe na nguvu namna gani. Nunueni matairi manne mazima yenye meno ya kushika tope, ya kipimo kilichoandikwa kwa gari hilo. Msishawishike na matairi makubwa mno. Tairi kubwa ni zito. Huchosha breki na usukani, na huweza kuvunja vyuma vinavyozungusha magurudumu.

Jifunzeni pia kupima upepo. Kwenye mchanga mwingi, dereva akipunguza upepo, tuseme kutoka 35 mpaka 20, tairi hulala na kukanyaga mahali papana zaidi. Gari halizami upesi. Lakini aende polepole, na akifika barabara ngumu ajaze tena. Kwa hiyo kipimo cha upepo na pampu ni vitu vya bei ndogo vyenye faida kubwa.

TATU: Springi na shokapu

Gari la kijiji hubeba mzigo. Springi zilizovunjika au kulegea hulifanya lilale upande mmoja na kugonga mawe chini. Zibadilishwe. Lakini wako watu wanaotaka gari liinuliwe juu sana ili lipendeze. Kumbukeni kwamba gari likiinuka sana hupinduka kwa urahisi zaidi, kama vile mtu anayebeba gunia kichwani kwenye njia ya utelezi.

NNE: Vifaa vya kujinasua

Gari la njia mbaya litakwama tu, hata liwe zuri. Liwe na tairi la akiba, jeki, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, spana ya magurudumu, koleo, panga na kamba imara ya kuvutia. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi. Isifungwe kwenye bampa, wala kwenye kile chuma cha mviringo cha kukokotea trela. Chuma hicho kikikatika huruka kama risasi na huweza kuua. Wakati wa kuvuta, watu wote wakae mbali na kamba.

MWISHO: Vingine vyote

Winchi, taa za ziada, karia na rangi vina kazi yake, lakini vingoje. Mzigo mzito juu ya paa nao husaidia gari kupinduka. Na injini? Kama haivuji, haichemshi na inavuta, iacheni. Land Rover ya kwanza ilipotokea mwaka 1948 ilikuwa na injini ya lita 1.6 tu, yenye nguvu za farasi 50 hivi. Ilipita mashambani kwa sababu magurudumu yote manne yalivuta, na ilikuwa na gia nzito ya kwenda polepole. Kwa hiyo muulizeni fundi kama fo-wili na gia nzito zinaingia sawasawa. Hilo lina maana kuliko injini kubwa.

TUFANYE HESABU

Tuseme kikundi kina shilingi 4,000,000. Bei hizi ni za mfano tu. Ulizeni bei za kwenu.

Breki na usukani: 900,000
Matairi 4, kila moja 450,000: 1,800,000
Springi na shokapu: 800,000
Vifaa vya kujinasua: 300,000
Jumla: 3,800,000
Akiba: 200,000

Sasa tuseme kikundi kingine chenye fedha hizo hizo kimeanza na rangi 1,200,000, karia 700,000 na taa 400,000. Jumla ni 2,300,000. Zimebaki 1,700,000. Breki, usukani na matairi vinataka 2,700,000. Zimepungua 1,000,000. Gari linameta, lakini abiria wake wamo hatarini.

Ndugu msomaji, kupanga ni kuchagua. Katika mkutano wenu ujao, andikeni kwenye daftari kila kitu ambacho gari linataka. Kisha kwa kila kimoja ulizaneni: "Tukikiacha hiki, mtu anaweza kufa?" Kama jibu ni ndiyo, kiandikeni juu. Mtu akitaka taa kwanza, msigombane naye. Mpeni daftari asome mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini breki hukaguliwa kabla ya injini?
2. Tairi kubwa mno huleta hasara gani?
3. Kamba ya kuvutia gari ifungwe wapi? Kwa nini?
4. Kama kikundi chenu kina shilingi 2,500,000 tu, mtanunua nini kwanza kwa bei za mfano wetu? Zitabaki ngapi?