Mwali Asikose Darasa

Somo la mwezi huu linahusu kila nyumba yenye binti anayekua. Wengi wetu hapa Morogoro, hasa milimani Uluguru, tunaijua mila ya kumweka mwali ndani. Binti akivunja ungo hutengwa, hufundwa na wanawake wazima, kisha huchezewa ngoma na kutolewa nje. Zamani mwali aliweza kukaa ndani miezi mingi, na mara nyingi alitoka ili aolewe.

Mila hii ina jema lake: binti hupata mtu wa kumweleza mabadiliko ya mwili wake. Tena kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na binti ndiye anayeuendeleza. Hasara huanza pale mafundo yanapochukua nafasi ya shule. Majuma machache tu ya kukosa masomo humwacha nyuma ya wenzake. Baada ya ngoma, watu humwona kuwa mwanamke kamili, ilhali nyonga zake bado hazijakomaa.

Hatari ya kuzaa mapema

Msichana mdogo anayebeba mimba yumo katika hatari ya kifafa cha mimba, upungufu wa damu, na uchungu wa muda mrefu unaoweza kuleta fistula, yaani kutokwa mkojo au kinyesi bila kujizuia. Mtoto naye aweza kuzaliwa njiti. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Msichana anayebaki shuleni huchelewa kuolewa na kuzaa. Kwa hiyo daftari nalo ni kinga ya afya.

Tufanye nini nyumbani?

1. Mweleze mapema. Mama, bibi au shangazi aanze binti akiwa na miaka 9 au 10, kabla damu haijamshtua. Kama familia inataka kumcheza mwali, ifanye wakati wa likizo.

2. Usafi wakati wa hedhi. Pedi au kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, si kufichwa chini ya godoro. Kule kwenye ukungu na mvua nyingi, kama Mgeta au Kinole, kipigwe pasi mpaka kikauke kabisa.

3. Chakula cha kuongeza damu. Apate maharage, dagaa na mboga za majani, pamoja na chungwa au nanasi. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwani hupunguza faida ya madini ya chuma.

4. Chanjo. Tangu mwaka 2018 Tanzania hutoa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilika: dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

5. Aliyejifungua asikatiwe tamaa. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi darasani. Bibi akimlea mtoto, mama yake aweza kusoma.

Mfano ulio karibu

Huko Mkundi, Manispaa ya Morogoro, ipo shule ya sekondari ya wasichana SEGA, iliyoanza mwaka 2008. Inawapokea wasichana walioacha masomo au walio karibu kuyaacha kwa sababu ya umaskini. Pamoja na masomo ya kawaida hufundishwa stadi za maisha na ujasiriamali, ili anayehitimu aweze kujitegemea. Ndiyo kazi ileile ya kumfunda binti, ila hapa hatolewi darasani.

Wajomba, neno lenu lina uzito katika ukoo. Mchumba akija kubisha hodi kwa ajili ya mwanafunzi, jibu liwe moja: bado anasoma.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, wasichana wangapi waliacha shule mwaka jana, na kwa nini?
2. Shule yetu ina choo chenye maji na mlango unaofungwa kwa ajili ya wasichana?
3. Nani katika ukoo wetu atawafunda mabinti likizo ijayo?